Mwambie Filipo Aniitikie

Shuleni, Tabora
3 Septemba 1978

Baba mdogo Simoni,

Shikamoo. Nimefika salama, ingawa kutoka Mkiwa hadi Itigi basi tulilisukuma zaidi ya tulivyolipanda. Mwambie mama wale kuku wawili alionikaangia hawakuiona Tabora. Tulipofika Itigi walikuwa wamekwisha, na aibu sioni. Nisalimie majirani wote, na yule ndama mwekundu kama bado yu hai.

Baba, nina jambo moja dogo. Likizo ile ya mwezi wa sita nilijiandikisha mgambo, unakumbuka ulivyonuna. Sasa Mwalimu Paulo alitutangazia kwenye gwaride kwamba asiyeitika jina Jumamosi nne mfululizo anafutwa kwenye daftari, na cheti hapati. Mimi cheti nakitaka. Mwezi wa tano mwakani namaliza kidato cha sita, na nikimaliza nataka jeshi, sitaki ofisi. Najua, tulishagombana juu ya hilo. Tusirudie.

Ninachoomba ni hiki: mwambie Filipo aniitikie. Asimame tu kwenye mstari, likitajwa jina la Ezekieli Msengi aseme "Nipo," basi. Mwalimu Paulo anakuja na baiskeli kutoka Nduguti, sura zetu hazijui, na kichwa chake muda wote kimeinamia daftari. Filipo sasa ananifikia masikioni. Isitoshe mdogo wangu huyo anapenda gwaride kuliko anavyopenda ng'ombe. Atafurahi.

Mwanao,
Ezekieli


Iguguno
1 Oktoba 1978

Ezekieli,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako mgongo unamsumbua lakini kukaa hataki, ukimwambia apumzike anachukua jembe kukukomoa. Huku ni vumbi tupu, tunasafisha shamba la ujamaa tukingoja mvua. Watu wanajificha, na mimi mwenyekiti ndiye wa kwenda kuwagongea milango. Nimechoka kuchukiwa na watu ninaowajua tangu utoto.

Hilo jambo lako dogo silipendi. Unaniomba mimi, mwenyekiti wa kijiji, nitazame mtoto wa miaka kumi na sita akidanganya mbele ya bendera kila Jumamosi. Ningekataa. Ila nilipokuwa namsomea mama yako barua, Filipo alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema "Nitaitika!" kabla sijamaliza mstari. Sasa ameshaitika mara mbili. Mwalimu Paulo hajainua kichwa hata kidogo. Kijana amechonga bunduki ya mti, na jana mama yako amemkuta anawapigisha ng'ombe kwata. Tulicheka, sikufichi.

Lakini sikiliza. Marehemu kaka yangu, baba yako, kila karatasi aliweka dole gumba. Mwaka ule wa operesheni, tulipohamishwa kule mlimani tukaletwa hapa barabarani, watu walibeba milango na mabati. Baba yako alibeba sanduku lako la shule kichwani, mlango akauacha. Mimi nilicheka siku ile. Alipokufa hakuniachia wosia mwingine ila huo wa sanduku. Kwa hiyo maliza shule kwanza. Ukimaliza kidato cha sita wenyewe watakupeleka Jeshi la Kujenga Taifa, na bunduki utaishika mpaka uichoke. Haraka ya nini?

Baba yako mdogo,
Simoni


Shuleni, Tabora
12 Novemba 1978

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini mama mgongo umepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili.

Bila shaka mmesikia redioni. Adui amevuka mpaka, ameingia Kagera, ameua watu na kuswaga ng'ombe wao. Hapa redio imewekwa bwaloni, chakula kinapoa hakuna anayekula. Alhamisi wenzangu wawili wa bweni letu wameruka ukuta wakaenda kujiandikisha. Mwalimu wa zamu aliingia na daftari, akasoma majina yao, kukawa kimya. Baba, nilitamani kimya kile kingekuwa changu.

Unasema haraka ya nini. Haraka ni hii. Mimi nina miaka ishirini, nina afya, nimefanya mgambo. Nikae nichore ramani ya mito ya nchi ya watu wakati mto wetu wenyewe una maiti? Shule itakuwepo. Nitarudi nimalizie.

Andika barua upige muhuri wa kijiji, useme Ezekieli Msengi ni mgambo na amehudhuria mazoezi tangu mwezi wa sita hadi leo. Daftari litakuunga mkono, maana jina langu limeitikiwa kila Jumamosi. Bila barua hiyo wanaweza kunirudisha darasani kama mtoto. Nijibu upesi.

Ezekieli


Iguguno
10 Desemba 1978

Ezekieli,

Marahaba. Barua yako ilikaa misheni, nami nilikuwa na mambo. Mvua imeanza, ya kwanza ilikuwa nzuri, ya pili imetubomolea ukuta wa jiko. Mama yako yupo. Kijiji kimetoa ng'ombe wanne na mtama kwa ajili ya wapiganaji, tumetoa kwa moyo.

Barua ya muhuri siandiki. Usiniulize tena. Muhuri huu nimekabidhiwa na kijiji, na tangu mwezi uliopita nikiushika mkono unaniwasha.

Hayo ya daftari la mgambo yaache kabisa. Usiyataje kwa mtu. Daftari lilikwenda wilayani.

Likizo usije. Magari yote yamechukuliwa kwa kazi ya vita, utakwama Itigi wiki nzima. Kaa huko shuleni usome. Filipo hayupo hapa kwa sasa, ametoka na wenzake, kwa hiyo hata ukija hutamkuta. Ng'ombe wanachungwa na mtoto wa jirani yetu Anselm.

Umebakiwa na miezi sita. Mtu anaweza kuvumilia lolote miezi sita. Vumilia.

Simoni


Shuleni, Tabora
7 Januari 1979

Baba mdogo,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya, nawe umfikishie mama. Krismasi tumeila hapa, wanafunzi kumi na wanne tuliobaki, wali na mbaazi.

Nitasema wazi, unisamehe. Barua yako imenikasirisha. Umetoa ng'ombe wanne kwa moyo lakini mtoto wa kaka yako unamficha. Watu wa hapo kijijini wakijua mwenyekiti anahimiza vijana wa wenzake waende vitani huku wa kwake amemfungia shuleni watakuitaje? Mimi ninalo neno, ila adabu inanizuia kuliandika.

Tena nikuambie nilichokiona. Wiki ya kwanza ya Desemba walitutuma stesheni kupeleka maji, kuna gari moshi la wapiganaji lilikuwa linapita kwenda Mwanza. Mabehewa ya mizigo, jua la saa nane, watu wamejaa ndani. Hawakuruhusiwa kushuka. Tulikuwa tunapitisha ndoo kwenye uwazi wa mlango, mikono inatoka, sura hazionekani. Behewa la mwisho nikasikia wanaimba Kinyiramba! Nikakimbilia hapo, nikaipitisha ndoo, nikauliza kwa lugha yetu, "Ninyi wa wapi?" Mmoja akajibu, "Iguguno!" Nikauliza, "Nani? Nani wa Iguguno?" Gari likavuta. Nilikimbia nalo mpaka mwisho wa jukwaa, nikaanguka, goti bado lina kovu. Nilirudi bwenini nikalia kama mtoto mdogo, maana watu wa kwetu wanakwenda na mimi nimebeba ndoo.

Na Filipo vipi? Ametoka na wenzake kwenda wapi, mwezi mzima huu? Nimemwandikia mara mbili, kimya. Mwambie asiringe. Bado ananiitikia? Kama daftari liko wilayani basi siku yoyote nitaitwa, na nikiitwa nitakwenda, utake usitake. Nisipopata barua ya muhuri hadi mwisho wa Februari nitaruka ukuta kama wenzangu.

Ezekieli


Iguguno
4 Februari 1979

Mwanangu Ezekieli,

Marahaba, marahaba. Hilo neno ambalo adabu imekuzuia kuliandika, mimi nimeshajiita mwenyewe. Huna haja ya kujisumbua.

Lile gari moshi uliliona tarehe ngapi hasa? Aliyekujibu, sauti yake ilikuwaje? Ya mtu mzima, au? Maji waliyapata? Niandikie yote unayokumbuka, hata madogo. Usiniulize kwa nini.

Jina lako halitaitwa. Nakuambia kwa uhakika. Usikae unangoja kuitwa.

Mama yako amekaa hapa kwenye kigoda, anataka niandike maneno yake kama anavyoyasema, nisiongeze yangu. Anasema: "Ezekieli, mimi ni mama yako Lea. Nakuomba ukae hapo ulipo. Ukiruka huo ukuta mimi sitaamka tena kwenye mkeka huu. Sikutishi, nakueleza. Maliza hicho kitabu, urudi nikuone." Mwisho wa maneno yake. Mimi nilitaka kuandika kwamba amekonda, amenikataza, lakini naandika.

Niapie, kwa sanduku lile la baba yako, kwamba utafika mwezi wa tano.

Simoni


Shuleni, Tabora
11 Machi 1979

Baba mdogo,

Shikamoo. Na mama shikamoo sana.

Nimeshinda siku tatu na ile barua mfukoni. Maneno ya mama yamenifunga miguu. Basi, naapa. Nitamaliza, nitafanya mtihani, kisha nitakwenda Jeshi la Kujenga Taifa na huko huko nitaomba kubaki jeshini. Mmeshinda ninyi wazee. Ila mjue mmenifanya niwe mtu wa kuinamisha kichwa. Redio ikitaja ushindi wenzangu wanashangilia, mimi natoka nje.

Umeuliza gari moshi. Ilikuwa Jumanne, tarehe tano. Sauti ilikuwa ya kijana, nyembamba kidogo, ya mtu aliyefurahi. Maji waliyapata, ndoo yangu ilirudi tupu. Sasa kwa nini unauliza, baba? Ni mtoto wa nani yule? Mbona hakuna anayenitajia nani kaenda kutoka kijijini?

Filipo mpe salamu. Nimemnunulia daftari kubwa na kalamu mbili. Nikianza kazi nitamtafutia nafasi ya kusoma, alifeli darasa la saba kwa uvivu tu, akili anayo. Miezi saba ananibebea jina, na mimi nitamlipia kwa shule. Mwambie hivyo hivyo.

Ezekieli


Iguguno
22 Aprili 1979

Ezekieli,

Marahaba. Tuliopo hapa ni wazima. Mtama umetoa vichwa.

Mtihani unaanza lini, unakwisha siku gani? Nijibu hilo tu. Halafu usiandike tena mpaka uweke kalamu chini.

Simoni


Shuleni, Tabora
27 Mei 1979

Baba mdogo, shikamoo!

Nimeweka kalamu chini! Ijumaa saa sita mchana, somo la mwisho. Jiografia imenipenda, hesabu tutajua wenyewe huko mbele. Wewe ni mzee mkaidi, na leo nakushukuru, naandika kwa mkono wangu ili uje unionyeshe siku nikikataa. Ungeniachia mwezi wa kumi na moja nisingekuwa nimekaa hapa.

Barua za Jeshi la Kujenga Taifa zimekuja, naripoti kambini tarehe mbili Julai. Kabla ya hapo nakuja nyumbani wiki mbili. Nitafika Mkiwa Jumatano tarehe ishirini Juni, hapo nipande basi la Singida. Mwambie Filipo aje Singida mjini na baiskeli yako anipokee, atabeba sanduku, mimi nitapiga kanyagio. Sanduku ni lile lile la baba. Mwambie nimemletea daftari lake, na asije na ile bunduki ya mti, atanitia aibu mbele ya watu. Au aje nayo tu.

Mama atengeneze ugali wa uwele. Nakuja.

Mwanao,
Ezekieli


Iguguno
10 Juni 1979

Mwanangu Ezekieli,

Sijui nianze na salamu ipi. Kaa chini kabla hujaendelea.

Filipo hatakuja Singida na baiskeli. Filipo amekufa vitani.

Nitaandika yote, usinikatize kwa hasira mpaka mwisho. Jumamosi ya tarehe ishirini na tano Novemba, watu walikuwa kwenye gwaride kama kawaida. Likaja lori la wilayani na ofisa, hakutuarifu mapema. Alikuwa na orodha iliyonakiliwa kutoka kwenye daftari la Mwalimu Paulo, majina kumi na moja ya waliohudhuria bila kukosa tangu mwezi wa kumi. Wewe ulikuwa wa sita. Kwenye hilo daftari, tangu Filipo aanze kukuitikia, hukukosa hata Jumamosi moja.

Mimi nilikaa mezani na ofisa, kalamu mkononi, nitie sahihi kwa kila jina. Akaita, "Ezekieli Msengi." Filipo akaitika "Nipo!" kwa sauti yake ile ile ya kila Jumamosi, akapiga hatua moja mbele. Halafu ndipo alipoelewa. Akanitazama.

Ezekieli, neno moja tu lilitosha. Huyu si Ezekieli, huyu ni mdogo wake, ana miaka kumi na sita. Nilikuwa nalo hapa mdomoni. Lakini nikafikiri wataniuliza Ezekieli yuko wapi, nami itabidi niseme yuko Tabora, na lori litaenda Tabora. Nikaliona lile sanduku. Nikafikiri imebaki miezi sita, na huyu labda watamwona mdogo wamrudishe njiani. Nikafikiri pia, sikufichi, jinsi nitakavyoonekana, mwenyekiti aliyeacha uongo uandikwe miezi mitatu. Nikafikiri hayo yote, na ofisa akasema, "Sahihi, mwenyekiti." Nikatia sahihi.

Walipewa dakika chache. Filipo akaja kwangu, akanipa fimbo yake ya kuchungia. Akasema, "Baba mdogo, usimwambie kaka, ataacha shule." Hakulia. Nafikiri alikuwa na furaha kidogo, kama mtoto anayepandishwa gari. Mama yako alikuwa shambani. Aliporudi akaikuta fimbo ukutani, nami nikamweleza. Tangu siku hiyo haniiti shemeji, haniiti kitu chochote. Akitaka kusema nami anaanza tu kusema.

Alikuwa kwenye lile behewa. Walikaa kambini siku chache, wakapandishwa gari moshi Itigi. Barua yako ilipofika nilihesabu siku, nikajua ni yeye aliyekujibu. Nilimsomea mama yako kwamba maji waliyapata. Alitaka nimsomee hapo mara nyingi.

Taarifa ilikuja tarehe kumi na nane Aprili. Alikufa mwezi wa tatu mwishoni, huko ng'ambo ya mpaka, akazikwa huko huko na wenzake. Walikuja watu wa wilayani kutupa pole, wakasoma karatasi mbele ya kijiji kizima: Ezekieli Msengi, miaka ishirini, amekufa kishujaa. Watu wa hapa wote wanajua ukweli, lakini walinitazama mimi, nami nikatazama chini, wakanyamaza kwa ajili yangu. Wageni walipoondoka mama yako akasema, "Wamemlilia mtoto wangu aliye hai. Aliyekufa hana msiba."

Sikukuandikia kwa sababu ya mtihani. Ndiyo, hata hapo. Nilisema nimeshalipa kiasi hiki, nikikuambia sasa nimelipa bure. Kama hilo nalo ni kosa, liongeze.

Njoo. Mama yako anahesabu siku. Mimi ukitaka nitaondoka hapa nyumbani wiki mbili hizo, nilale kwa Anselm.

Simoni


Kambini, J.K.T.
15 Julai 1979

Baba mdogo Simoni,

Utaona sijakuamkia. Siwezi kwa sasa.

Nilifika Mkiwa ile Jumatano. Nilikaa juu ya sanduku pale njia panda tangu asubuhi hadi alasiri, mabasi mawili ya Singida yakapita, sikupanda. Nikapanda la kurudi. Ningemwangaliaje mama? Mwambie nilikuwa njiani nikashindwa. Nitamwandikia yeye mwenyewe, umsomee bila kuruka neno, maana wewe kuruka maneno unajua.

Nilikulaani siku nyingi. Nilikulaani kwa maneno ambayo sikujua kama ninayo. Kisha nikaitoa ile nakala ya barua yangu ya kwanza, ile ya jambo dogo, maana huwa naandika kwanza kwenye daftari. Nimeisoma. Mimi ndiye niliyemfundisha kuitika. Wewe ulinyamaza mara moja, mimi nilimfanyisha mazoezi ya kufa kila Jumamosi, nikaandika kwamba atafurahi. Nilimuuliza pale stesheni, "Nani?" Labda alitaka kunijibu jina lake, akakumbuka halipo.

Sasa sikiliza. Hapa kila asubuhi kuna gwaride, afande anaita majina. Siku ya kwanza akaita, "Ezekieli Msengi." Mdomo haukufunguka. Akaita tena. Nilisimama tu. Nimerushwa kichurachura uwanja mzima, nimebebeshwa tofali juani, nimelala mahabusu siku mbili. Wiki mbili sasa. Wananiuliza, wewe ni kiziwi? Nasema hapana, afande. Jina lako nani? Sijibu. Wananiona mkorofi, na wamesema mwisho wa mwezi ujao wataniandika mtoro na kunifukuza, nisionekane tena shule wala jeshi. Wafanye hivyo.

Jina hilo ni la maiti. Yupo mtu amezikwa nalo, na lake hana. Huwezi kumwita mtu mwingine kwa jina hilo asubuhi na yeye akaitika.

Nenda wilayani. Wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Waambie ulichonyamazia na nilichokutuma, yote mawili. Wafute, waandike Filipo. Siku nitakayoiona karatasi yenye jina lake, nitaitika langu. Kabla ya hapo sina jina.

E.


Iguguno
12 Agosti 1979

Mwanangu,

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi. Itoe uisome kwanza, halafu urudi hapa.

Umeiona. Filipo Msengi, miaka kumi na sita. Nilisimama wilayani mpaka wakaandika na umri. Muhuri si wangu, ni wa wilayani. Muhuri wa kijiji nimeurudisha.

Msiba tumekaa. Siku tatu, mbele ya nyumba, kwa jina lake. Mama yako alilia sana, na siku ya tatu akala. Amesema uje ukipewa ruhusa. Amesema ile fimbo haitolewi ukutani.

Kuna jambo moja, nami nimechoka kuficha. Nilipomaliza kueleza pale wilayani, yule karani aliyenisikiliza akaniuliza, "Mzee, kwa nini hukusema kwamba huyo Ezekieli ni mwanafunzi? Wanafunzi tulikuwa tunawafuta palepale mezani." Akanionyesha ile orodha. Kijiji cha jirani kulikuwa na wawili, wamepigwa mstari, pembeni imeandikwa: yuko shuleni.

Hakuna lori ambalo lingekwenda Tabora. Ningesema lile neno moja, mngebaki wote wawili. Mimi niliogopa kitu ambacho hakikuwepo.

Nimeambiwa nirudi wilayani Jumatatu, nije na shuka. Sijui ni kwa muda gani, sikuuliza. Mtoto wa Anselm atamsomea mama yako barua zako, anasoma vizuri na hajui kuruka.

Kesho asubuhi wakikuita, itika.

Simoni